Intasepta isiguse hesabu ya pesa za wanachama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu mwandishi wa safu yenu ya teknolojia, ambaye amewashauri vijana wanaojifunza uandishi wa programu watumie intasepta za methodi, yaani vipande vya msimbo vinavyojiingiza kila methodi (kazi moja yenye jina ndani ya programu) inapoitwa, kila wanapoweza ili msimbo wao uwe mfupi. Mengi aliyosema nakubaliana nayo, na ninafurahi kuona gazeti la Kiswahili hapa Uganda likiyazungumza mambo haya bila kuyakimbia. Lakini mfano wake wa mwisho, ule wa kukata ada ya mteja ndani ya intasepta, haufai kuachwa upite hivihivi.

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta ya vyama vya akiba na mikopo, SACCO kama tunavyoviita wote. Ofisi iko Ntinda, Kampala, ila wateja wetu wengi wako nje ya jiji: Masindi, Hoima, na Arua nilikokulia. Ni mara chache napewa mfumo mpya wa kujenga. Kwa kawaida narithi mfumo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, na hayupo wa kuulizwa. Anayerithi msimbo hujali sana jambo moja ambalo mwenye kuuandika hana haja nalo: je, nikifungua methodi hii na kuisoma, nitaona inachofanya?

Kwa wasomaji ambao si watu wa kompyuta, nieleze kidogo. Programu hizi huandikwa kwa vipande vinavyoitwa objekti. Objekti ya kutoa akiba inahitaji nyingine ya kusoma salio, nyingine ya kutuma pesa kwenye simu, nyingine ya kuchapa risiti. Zamani kila objekti ilijitengenezea wasaidizi wake. Katika mtindo wa DI (dependency injection, yaani kukabidhiwa vitegemezi), jina lililoenea kupitia makala ya Martin Fowler ya mwaka 2004, objekti haijitafutii chochote, inapewa. Kuna sehemu ya programu inayoitwa kontena, nayo ndiyo inayotengeneza objekti zote na kuikabidhi kila moja vitegemezi vyake, yaani wasaidizi inaowahitaji, mara nyingi kupitia konstrakta, ile sehemu inayoitwa objekti inapoundwa. Faida yake naiona kila siku kazini. Nikitaka kujaribu utoaji wa akiba bila kugusa pesa za mtu, naikabidhi objekti bandia ya kutuma pesa, na utoaji wa akiba hautambui tofauti.

Sasa, kwa kuwa kontena ndilo linalokabidhi, linaweza kukupa kitu ambacho si kile hasa ulichoomba. Unaomba objekti ya kutoa akiba, linakupa proksi: sura ileile, methodi zilezile, lakini kila ukiita methodi, mwito wako unapita kwanza kwenye intasepta. Intasepta inalijua jina la methodi na inaziona thamani ulizopitisha. Inaweza kuuacha mwito uendelee kwa kuita proceed, inaweza kuukataa, inaweza kubadilisha jibu kabla halijakufikia, inaweza kuita tena kama mara ya kwanza imeshindikana. Aliyeita hana habari. Methodi iliyoitwa nayo haina habari.

Wazo lenyewe si geni. Gregor Kiczales na wenzake wa maabara ya Xerox PARC, California, walilitangaza mwaka 1997, wakisema yapo mambo katika programu yasiyo na mahali pamoja pa kukaa, yanapita kila sehemu. Mifano inayotajwa mara nyingi ni logi (rekodi za yaliyofanyika), ulinzi, na miamala ya hifadhidata (amri kadhaa zinazofaulu zote pamoja au kufutwa zote). Mwaka 2000 Java toleo la 1.3 ikaleta proksi zinazotengenezwa programu ikiwa tayari inafanya kazi. Kati ya fremuweki, yaani mifupa ya programu inayokuja na kontena lake, Spring ikafuata 2004, Guice ya Google 2007, na upande wa .NET ya Microsoft watu wengi hutumia Castle. Mwandishi wa safu yenu aliruka historia hii, na simlaumu, ingawa ingemsaidia kuona kwamba ada za wateja hazimo kwenye mifano hiyo.

Nianze na pale tunapokubaliana. Kuna mfumo niliourithi ambao methodi yake ya toaAkiba haikutosha kwenye skrini. Juu kabisa inaandika logi kwamba imeanza. Inauliza kama karani aliyeingia ana ruhusa. Inafungua muamala. Halafu, katikati ya msitu huo, mistari minne ya kazi yenyewe: soma salio, hakikisha linatosha, punguza, andika rekodi. Kisha inafunga muamala, inashika kosa kama lipo, inarudisha mambo yalivyokuwa, inaandika logi kwamba imemaliza na imetumia milisekunde ngapi. Methodi ya kuweka akiba ilikuwa hivyohivyo. Ya kuidhinisha mkopo hivyohivyo, isipokuwa pale aliyeiandika alisahau kuuliza ruhusa. Karani yeyote aliyekuwa na neno la siri la kuingilia angeweza kujiidhinishia mkopo mwenyewe, na kwa muda mrefu hakuna aliyeliona hilo, maana ni nani anayesoma kwa makini msimbo unaojirudia ukurasa baada ya ukurasa?

Tuliyatoa yale matatu, yaani logi, ruhusa na muamala, tukayaweka kwenye intasepta tatu. Ya ruhusa tukaiambia kontena liifunge kwenye kila methodi ya hadharani ya kifurushi kile, na methodi isiyotaja ruhusa yake ikataliwe moja kwa moja. Mpango ulipoanza kutumika, kuidhinisha mkopo kukakataa kufanya kazi kabisa. Simu zikapigwa, watu wakanung'unika, na shimo likajulikana lilipo. Kwa kazi ya namna hii sijui chombo kizuri kuliko intasepta, na kijana anayeambiwa aiogope anaonewa.

Lakini proksi ni mlango, na mlango una tabia zake. Mnaokuja mjini mnajua kwamba tangu milipuko ya Julai 2010 majengo mengi ya biashara Kampala yana askari mlangoni mwenye kile kifaa cha kupitisha mwilini na kwenye mkoba. Anakukagua ukitoka barabarani. Ukishaingia, ukatoka duka la simu chini ukapanda kwa fundi cherehani ghorofa ya tatu, hakuna anayekukagua tena. Kwenye Spring ndivyo ilivyo methodi ya objekti inapoita methodi nyingine ya objekti hiyohiyo: mwito uko ndani tayari, haupiti kwenye proksi, na intasepta haipati habari.

Nitoe mfano wa kweli. SACCO moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kazi ya kila mwisho wa mwezi. Methodi lipaMikopoYote inapita kwa kila mwanachama mwenye deni na kuita lipaMkopo ya objekti ileile. Aliyeuandika mfumo aliweka anotesheni ya @Transactional, alama inayoliambia kontena lifungue muamala, juu ya lipaMkopo, akitaka kila mwanachama awe na muamala wake: akiba ipungue na deni lipungue kwa pamoja, au visipungue vyote viwili. Ukiusoma msimbo huoni kasoro. Anotesheni ipo, jina ni sahihi, mwongozo umefuatwa. Ila mwito ulikuwa wa ndani, kwa hiyo muamala haukuwahi kufunguliwa hata mara moja, na kila amri ya hifadhidata ilikuwa ikijithibitisha peke yake. Miezi ilipita bila tatizo kwa sababu hakuna kilichokatika katikati.

Jioni moja umeme ukakatika kazi ikiendelea, na betri ya akiba ya seva ilikuwa imekufa zamani. Mashine iliporudi, kulikuwa na mwanachama mmoja ambaye akiba yake imepunguzwa na deni lake liko palepale. Alikuwa mama muuza samaki wa kukaushwa. Alifika ofisini na kitabu chake cha akiba kwenye mfuko wa nailoni. Karani alimwambia kompyuta haikosei. Mama akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwezi ule, akaweka kidole kwenye mstari wa Sh 85,000, akabaki amesimama pale dirishani mpaka meneja akaitwa. Alikuwa na haki. Kitabu cha mkono kilikuwa sahihi kuliko hifadhidata.

Dawa yake ni fupi. lipaMkopo inahamishiwa kwenye objekti yake, na kontena linaikabidhi objekti hiyo kwa yule anayeendesha kazi ya mwisho wa mwezi. Sasa mwito unatoka objekti moja kwenda nyingine, unapita mlangoni, muamala unafunguliwa.

Vijana huchanganyikiwa zaidi wakihamia Guice, kwa sababu Guice haina tabia hiyo. Guice inatengeneza klasi mtoto ya klasi yako (klasi ni mchoro ambao objekti hutengenezwa kutoka kwake), na objekti unayopewa ni ya klasi mtoto yenyewe, hakuna nyingine nyuma yake. Hata methodi ikijiita kwa ndani, mwito unaangukia kwenye methodi iliyobadilishwa na intasepta inafanya kazi. Spring, hata inapotumia klasi mtoto ya CGLIB, maktaba ya kutengeneza klasi hizo, inaweka objekti halisi pembeni na kuuelekeza mwito kwake. Ukishafika huko umetoka mikononi mwa proksi. Kwa hiyo msimbo uleule, mstari kwa mstari, unalindwa kwenye fremuweki moja na haulindwi kwenye nyingine. Guice nayo ina sharti lake: lazima objekti iwe imetengenezwa na Guice yenyewe kupitia konstrakta. Ukiitengeneza mwenyewe kwa neno new mahali fulani, au ukairudisha objekti kutoka kwenye methodi ya @Provides uliyoiandika mwenyewe, intasepta zote hazipo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Mambo ya final niyapitie haraka. Klasi mtoto haiwezi kubadilisha methodi ya final (iliyofungwa isibadilishwe) wala ya private (ya ndani ya klasi yake tu), basi intasepta haiishiki. Kwenye Java methodi za kawaida ziko wazi usipozifunga. Kwenye C# zimefungwa mpaka uandike virtual. Kwenye Kotlin klasi yenyewe imefungwa, ndiyo maana wanaotumia Kotlin na Spring huongeza programu-jalizi ya kuzifungua. Kuna moja hapa inayouma: ukiita methodi ya final kwenye proksi ya CGLIB, methodi inatekelezwa juu ya proksi yenyewe, ambayo haikukabidhiwa kitegemezi chochote. Unapata kosa la null (yaani hakuna kitu) kwenye kitegemezi ambacho kwa macho yako unakiona kimepokelewa na konstrakta. Nimemwona kijana mwenye akili nzuri akilitafuta kosa hilo mchana kutwa.

Sasa ada. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mwandishi wenu.

Mnakumbuka tarehe 1 Julai 2018, ushuru wa asilimia 1 kwenye pesa za simu ulipoanza. Watu waliandamana hapa Kampala, na kabla mwaka haujaisha ukapunguzwa hadi asilimia 0.5, tena ukabaki kwenye kutoa pesa tu. Kwa mwanachama anayetoa Sh 400,000 hiyo ni tofauti ya Sh 4,000 na Sh 2,000. Kwa anayelipa karo ya mtoto kwa simu, ni tofauti ya kukatwa na kutokatwa kabisa.

Mfumo mmoja niliokuja kuurithi baadaye ulikuwa umeuweka ushuru huo kwenye intasepta. Chama kilimkata mwanachama kiasi ambacho kampuni ya simu nayo ingekikata, ili hesabu zilingane. Aliyeiandika alijivunia kazi yake, na kusema kweli ilikuwa nadhifu: intasepta moja, imefungwa kwenye kila methodi ambayo jina lake linaanza na tuma, toa au lipa. Hakugusa hata methodi moja ya zamani. Sheria ilipobadilika, mtu mwingine, maana wa kwanza alikuwa ameshapata kazi kwingine, aliambiwa abadilishe asilimia. Akatafuta namba, akaipata, akaandika 0.5 mahali pa 1. Hakujua kwamba uamuzi wa nani anakatwa ulikuwa kwenye faili nyingine kabisa, ile ya kupanga kontena, kwenye mstari unaolinganisha majina ya methodi. Methodi ya lipaKaro ikaendelea kukata. Ukiifungua lipaKaro hukuti neno ushuru, hukuti kuzidisha, hukuti asilimia. Inachukua kiasi, inakituma shuleni, basi.

Kampuni ya simu ilikuwa haikati tena kwenye malipo, mfumo ulikuwa bado unamkata mzazi, na ile tofauti ikawa inajikusanya kwenye akaunti ya mpito ambayo mhasibu aliiona ikikua na hakujua ni ya nani. Si pesa nyingi kwa mtu mmoja. Kwenye karo ya Sh 600,000 ni Sh 3,000. Lakini wazazi ni wengi, na kila muhula wanalipa tena. Kuzirudisha ilibidi tupitie malipo moja moja, na waliokuwa wamejitoa kwenye chama ilibidi watafutwe kwa simu.

Mwandishi wenu atasema kosa ni la yule wa pili, angesoma zaidi. Asome nini? Alipewa mfumo wa mafaili mamia na agizo la mstari mmoja. Alifungua methodi za malipo na methodi hazikumwambia kitu. Msimbo unaomficha msomaji wake kanuni ya pesa hauwezi kumlaumu msomaji.

Tena, ushuru ule haukuhitaji intasepta hata kidogo. DI yenyewe ilitosha. Andika objekti ya kawaida, iite KikokotoziUshuru, kontena likaikabidhi kwa objekti ya malipo kupitia konstrakta, na ndani ya toaAkiba uandike mstari mmoja unaoonekana: ushuru ni sawa na kikokotozi kipewe kiasi hiki. Sheria ikibadilika unabadilisha kikokotozi. Ushuru ukiondolewa kwenye malipo, unafuta mstari ule kwenye lipaKaro, na ukiwa na shaka unauliza kompaila ikuonyeshe kila mahali kikokotozi kinapoitwa. Kwa mstari mmoja zaidi katika kila methodi, msomaji anajua. Na kama mtu anaona lazima aifunike objekti ya malipo kwa nyingine, aandike dekoreta kwa mkono: klasi ya kawaida yenye kiolesura kilekile, yaani methodi zilezile, inayopokea ya ndani kupitia konstrakta. Nayo ni DI, ila ina jina, ina faili, na inaweza kuwekewa alama ya kusimama wakati wa kutafuta makosa.

Najua wapi wengi hujifunza tabia hii. Mwongozo wa Guice wenyewe unafundisha intasepta kwa mfano wa duka la piza: kuna anotesheni ya @NotOnWeekends, na methodi ya kutoza oda ikiitwa Jumamosi au Jumapili intasepta inakataa kwa sababu wapelekaji hawafanyi kazi. Kama mfano wa darasani ni mzuri, unaeleweka haraka, unachekesha kidogo. Lakini siku za kazi za wapelekaji ni kanuni ya biashara. Mwenye duka akiajiri mtu wa Jumamosi, atakayetumwa kubadilisha ataanza kuitafuta kwenye oda. Angalau pale anotesheni imeandikwa juu ya methodi yenyewe, inaonekana. Ule ushuru wetu ulifungwa kwa herufi za mwanzo za jina, na kijana angebadilisha jina la lipaKaro kuwa karoLipa angefuta ushuru bila kujua.

Kwa hiyo mimi hujiuliza hivi: nikiiondoa intasepta hii leo, je, mwanachama ataona salio tofauti kesho, mambo yote yakienda sawa? Ya logi, hataona. Ya kupima muda, hataona. Ya muamala, hataona mpaka siku kitu kikatike. Ya ushuru ataona mara moja, basi hiyo haina ruhusa ya kuwa intasepta. Ya ruhusa iko mpakani, nakiri, na wapo wenzangu ofisini wanaoitaka iandikwe wazi kila mahali. Mimi naiacha kwa sababu inakataa tu, haihesabu.

Nigusie na intasepta ya kurudia, kwa kuwa safu yenu iliisifu kwa sentensi moja ikaendelea. Mtandao wetu mnaujua. Ombi linatoka kwenda kampuni ya simu, jibu halirudi, muda unaisha. Intasepta inaona kosa, inaita proceed mara ya pili. Lakini huenda ombi la kwanza lilifika na pesa zikaenda, ni jibu tu lililopotea njiani. Mwanachama anapokea Sh 200,000 mara mbili na chama kinabaki kumwomba kwa upole arudishe. Kurudia kunafaa tu kama ombi lina namba yake ya kumbukumbu iliyotengenezwa kabla ya jaribio la kwanza, namba hiyohiyo ikarudiwa kila jaribio, ili upande wa pili ulitambue. Namba hiyo ikitengenezwa ndani ya methodi ambayo intasepta inairudia, kila jaribio ni malipo mapya. Tofauti ni mstari mmoja umekaa juu au chini, na hakuna anotesheni itakayokuonya.

Mpangilio nao una maana. Intasepta ya kurudia ikae nje, ya muamala ndani, ili kila jaribio lipate muamala mpya. Ukizigeuza, jaribio la pili linaingia kwenye muamala uliokwisha kuharibika, na PostgreSQL, kwa mfano, itakataa kila amri mpaka muamala ule ufutwe. Utadhani hifadhidata ni mbovu. Hii ndiyo sababu sipendi intasepta zikizidi tatu au nne: zikiwa saba, hakuna mtu ofisini anayeweza kusema bila kufungua faili ni ipi inatangulia.

Na ile ya logi, ambayo kila mtu huiona haina madhara, ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Intasepta ya logi iliyoandikwa kivivu huchapa kila thamani iliyopitishwa kwa kila methodi. Methodi ya kumsajili mwanachama hupokea namba yake ya kitambulisho cha taifa, simu yake, na PIN aliyoichagua. Nimefungua faili ya logi nikakuta vyote vitatu vimepangana mstari mmoja kwa kila mwanachama, kwenye mashine ambayo hata fundi wa printa aliweza kuingia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na haisemi kwamba intasepta imesamehewa. Logi ziandike jina la methodi, muda, matokeo, na namba ya ndani ya mwanachama. Nyingine zitajwe moja moja kwa idhini, si zote kwa mkupuo.

Walimu wa vyuo vyetu na wa zile kozi za miezi michache ninawaomba kitu kimoja: mwanafunzi asiishie kuandika anotesheni. Aandike jaribio linaloichukua objekti kutoka kwenye kontena, si kwa new, kisha aisababishie kosa katikati ya lipaMkopo na kuonyesha kwamba salio limerudi lilivyokuwa. Afanye hivyo mwito ukitoka nje, halafu ukitoka ndani. Akiona kwa macho yake salio likiharibika, hatahitaji maelezo yangu.

Na wajumbe wa bodi za SACCO wanaosoma gazeti hili, ambao hununua mifumo hii kwa pesa za wanachama, msiogope kwamba hamjui Java. Kabla ya kusaini, mwombeni muuzaji ukurasa mmoja unaotaja kila intasepta iliyomo, kwa mpangilio zinavyotangulia, na kila moja inashika methodi zipi. Kisha mwambieni afungue mbele yenu methodi ya kutoa akiba na awaonyeshe kwa kidole mahali ada inapokatwa. Akianza kuhangaika kufungua mafaili mengine, ahirisheni kikao. Sisi tunao ukurasa wa namna hiyo tunaoujaza kwa kila mfumo tunaourithi, umeandikwa kwa Kiswahili, na Mhariri ukiutaka kwa ajili ya wasomaji nitautuma.

Msomaji wenu,
Mtunza mifumo ya SACCO,
Ntinda, Kampala